Yah: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Shule inafungwa leo. Ripoti za watoto wamekuja nazo nyumbani, na tarehe ya kufungua imo humo. Sare zilizochanika zishonwe.

Mkipita shuleni, ingieni darasa la sita mtazame ukuta wa nyuma. Pana karatasi tatu za manila: Machi, Aprili, Mei. Ni masika yote, imepimwa na watoto wenu. Kipimamvua wamekitengeneza wenyewe: chupa ya maji iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa ikawa faneli, chini kokoto na maji hadi alama ya sifuri, rula ikafungwa ubavuni. Kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile wanayosoma wapimaji wa vituo vya hali ya hewa, wawili walikwenda kusoma, wakaandika daftarini na kuchora mhimili wa siku hiyo. Miaka mingi nimefundisha grafu za kunakili ubaoni. Sikuwahi kuona watoto wakigombea zamu ya kuchora.

Kisha mmoja akauliza milimita 1 ni maji kiasi gani. Wakapima paa la darasa: mita 9 kwa 7. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi mvua ya milimita 10 inamwaga juu ya paa lile lita 630, yaani ndoo kubwa 31 na nusu. Na sisi tunawatuma mtoni! Nimeipeleka hesabu hiyo kwenye kamati ya shule, nayo itajadili mifereji ya bati.

Sasa yaliyoniumiza. Usiku mmoja wa Aprili mvua ilinyesha hadi alfajiri, lakini Jumamosi hiyo daftari linasema sifuri. Wenye zamu hawakufika; waliandika Jumatatu. Mmoja alikiri kwamba nyumbani aliambiwa, "Andika tu, nani atajua?" Mzazi mwenzangu, sifuri maana yake tumepima na mvua haikunyesha. Kama hatukupima, nafasi inaachwa tupu. Mtoto alikuwa ameshalijua hilo, na mtu mzima akamfundisha kulivunja. Wote wawili wameomba radhi mstarini. Aliyewatuma bado namsubiri ofisini.

La pili ni utoro. Kila nikiuliza, naambiwa mvua, mto umejaa. Darasa la sita wakachora mahudhurio chini ya mvua, siku kwa siku. Siku za mvua kubwa mahudhurio hayakushuka. Yanashuka Alhamisi, siku ya gulio, hata Alhamisi ambazo halikudondoka tone. Mvua imesingiziwa. Watoto wako barabarani na kabichi na karoti kichwani, nami nimewakuta huko kwa macho yangu. Muhula ujao, mtoto akikosa Alhamisi mbili bila taarifa, mzazi wake nitamwita mbele ya mtendaji wa kijiji, na karatasi ile nitakuja nayo.

Mchango wa mahindi na maharage tulikubaliana wenyewe kwenye mkutano. Wasioleta wanajijua, na watoto wao wamekula vya wenzao muhula mzima.

Kipimamvua hakifungi shule. Zamu za likizo zimebandikwa mlango wa ofisi. Mwenye zamu aruhusiwe kutoka nyumbani mapema, Alhamisi ikiwemo.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu