Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Milimita Tatu na Nusu

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tutafute kwa nini mbinu za kudhibiti mwingiliano wa mawimbi ya redio hung'ara kwenye karatasi, kisha hufifia zikipandishwa juu ya paa. Vikao vya masomo vilifanyika kila mwezi, isipokuwa Aprili mvua ilipotuzuia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nimezipitia, nimeridhika. Naomba muda wangu niutumie kwa yale tuliyojifunza.

Tulianza na kazi ya watafiti Cadambe na Jafar ya mwaka 2008. Walithibitisha kwamba jozi nyingi za watumaji na wapokeaji zinaweza kutumia masafa yale yale, na kila jozi, ishara zikiwa na nguvu ya kutosha, ikapata karibu nusu ya uwezo ambao ingeupata ikiwa peke yake. Mawimbi ya wengine hupangwa yamfikie mpokeaji yakiwa yamelaliana upande mmoja, naye abakiwe na upande mwingine safi. Ukumbi ulichangamka sana siku ile. Lakini hesabu hiyo inamtaka mtumaji azijue njia zote za mawimbi kikamilifu, bila kosa lolote. Sharti hilo ndilo lililotushughulisha mwaka mzima.

Mwezi Juni tulilijaribu karakanani. Tulifunga antena mbili za gigahezi 2.4, tukazipanga hadi mawimbi yake yakafutana kwa mpokeaji, kipimo kikashuka chini kabisa. Mwenzetu mmoja akafungua kabati la chuma lililo karibu na mlango. Hakugusa kifaa chochote, lakini mlango wa chuma ulibadilisha njia ya mawimbi, na kipimo kilipanda tukiangalia.

Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 12.5. Njia ya wimbi moja ikibadilika kwa milimita 3.5 tu, awamu, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka, hukosea digrii 10, na asilimia 3 hivi ya nguvu ya wimbi tulilotaka kulifuta hubaki. Hiyo ni kinga ya desibeli 15, desibeli zikiwa kipimo cha nguvu imepunguzwa kiasi gani. Ukitaka desibeli 35, kosa lisizidi digrii 1. Kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii, kwa sababu mabaki nayo hupanda vilevile. Naomba kila fundi wetu alishike hili.

Sasa mfikirie abiria ndani ya daladala iendayo kilomita 60 kwa saa, simu yake ikitumia gigahezi 3.5. Katika milisekunde moja amesogea sentimita 1.7, ambayo ni karibu moja ya tano ya wimbi. Kipimo kilichochukuliwa kabla ya hapo kimeshachakaa. Ukipima mara kwa mara zaidi, kila kipimo kinakula muda ambao ungetuma data.

Davoodi na Jafar walionyesha mwaka 2016 kwamba usahihi wa taarifa alizonazo mtumaji kuhusu njia za mawimbi ukibaki pale pale huku nguvu ikiongezwa, faida yote ya mpangilio ule huporomoka, kila mmoja akabaki na kile ambacho angepata kwa kupokezana zamu. Kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote ya mwaka huu. Hata hivyo Maddah-Ali na Tse walikuwa wameonyesha mwaka 2012 kwamba taarifa iliyopitwa na wakati kabisa bado ina kazi: kituo chenye antena mbili na wapokeaji wawili hupata theluthi moja zaidi ya kupokezana zamu. Tutarudi kwenye kazi hiyo mwakani, maana vijana wetu wameipenda.

Kamati inapendekeza kwamba ushauri wowote tutakaompa mwenye mtandao utaje njia za mawimbi zilipimwa lini na kwa usahihi gani. Mahali penye magari na watu wengi, tuanze na kugawa masafa, kupokezana zamu na kuelekeza antena vizuri.

Tunawaomba wenye vifaa vya kupimia awamu waviazime karakana kuanzia Januari. Tulivyonavyo ni viwili, na kimoja kinasubiri kipuri.