Barua ya wazi kwa Mkuu wa Udahili: swali la grinikadi liulizwe mtu anapoingia chuo cha tiba, si anapotuma maombi

Mheshimiwa Mkuu wa Udahili,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii umeshaletewa. Hii ya Kiswahili tunaiweka hadharani kwa ajili ya wazazi na wanafunzi walioko Marekani ambao makaratasi yao ya grinikadi bado yako njiani. Wao ndio wanaolipa ada za maombi, na ni haki yao kujua tunakuomba nini kwa niaba yao. Chuo chako hatukitaji jina. Vyuo vya tiba vyenye ukurasa wa masharti ya kuomba kama wenu ni vingi.

Ukurasa huo una sentensi moja ya hadhi ya uhamiaji: mwombaji awe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grinikadi. Hausemi awe hivyo lini. Siku anapotuma maombi? Siku ya usaili? Siku anapovishwa koti jeupe la kuanzia masomo? Karibu yote tunayokuandikia yametokana na pengo hilo.

Angalia kalenda yenyewe. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya tiba, hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, maombi huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na mafaili ya kwanza huwafikia mwishoni mwa Juni. Anayetuma Juni 2026 ataingia darasani Julai au Agosti 2027. Hapo katikati kuna kama miezi 14. Ndani ya miezi hiyo mtu aliyewasilisha fomu I-485, ile ya kuomba grinikadi akiwa ndani ya Marekani, anaweza kuchukuliwa alama za vidole, kuitwa kwenye mahojiano na kuletewa kadi kwa posta, huku faili lake kwenu limefungwa tangu Julai kwa sababu ya kisanduku kimoja alichokijaza kwa ukweli. Anaweza pia asiipate. Hilo nalo tunalo jibu lake, tutalifikia.

Sasa chukua karatasi yenyewe mkononi. Aliyewasilisha I-485 hupokea notisi ya I-797C, yaani risiti ya ombi lake. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba notisi hiyo haimpi mtu hadhi wala faida yoyote ya uhamiaji. Karani wako akishasoma mstari huo, anairudisha. Hatumlaumu, maneno ni makali. Lakini angeshusha macho kidogo angeona namba ya risiti, yaani herufi tatu zikifuatwa na tarakimu kumi, na tarehe ambayo ombi lilipokelewa, na aina ya ombi. Namba hiyo ukiiingiza kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji, inakuonyesha ombi limefikia wapi. Haithibitishi kwamba mtu ni mkaazi wa kudumu, na hakuna anayedai hivyo. Inathibitisha kwamba ombi lipo, limepokelewa, na halijakataliwa.

Kadi ya kazi husema zaidi, ila ni kwa anayejua kuisoma. Kuna sehemu ya kundi, na ndani yake herufi na tarakimu mbili. C09 ni mtu ambaye ombi lake la grinikadi linashughulikiwa. C08 ni mtu anayesubiri uamuzi wa hifadhi (asylum). A05 ameshapewa hifadhi. A03 ameingia kama mkimbizi. Kwa jicho la haraka kadi zote nne ni sawa, zote ni "kadi ya kazi". Kwa ofisi ya mikopo, wawili wa mwisho wako upande mmoja wa mto na wawili wa kwanza wako upande mwingine.

Hapa ndipo watoto wa Kikongo na wa Kirundi wanapoumia, na tunaomba utuvumilie tukikaa hapa kidogo.

Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anatakiwa na sheria kuomba grinikadi akitimiza mwaka mmoja nchini. Kwa hiyo kila mkimbizi anayetii sheria hupitia kipindi cha kusubiri kadi. Akifika kwenye fomu ya maombi, na kuulizwa kama ni raia au mkaazi wa kudumu, anajibu hapana, bado nasubiri. Ni kweli tupu. Mfumo wenu unamtupa kwenye kapu la wanafunzi wa kimataifa, pamoja na mtu aliyeomba kutoka ng'ambo akiwa hana hata visa. Na kumbe huyo huyo, kwa kanuni za mikopo ya serikali ya shirikisho, anahesabiwa kuwa asiye raia mwenye sifa tangu siku aliyoshuka ndegeni. Anajaza FAFSA, fomu ya kuomba mikopo ya serikali, kwa I-94 yake, yaani kumbukumbu ya kuingia nchini, inayoonyesha aliingia kama mkimbizi, bila kungoja grinikadi. Aliyepewa hifadhi naye ni hivyo hivyo. Yaani serikali iko tayari kumkopesha, chuo ndicho kinachosema hana sifa.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wengi wa udahili hawalijui. Grinikadi ya mkimbizi inapotoka, tarehe ya kuanza ukaazi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Ya aliyepewa hifadhi hurudishwa mwaka mmoja kabla ya kuidhinishwa. Kijana mliyemkataa Julai kwa kuwa si mkaazi wa kudumu atakuja kushika kadi ambayo mstari wake wa "mkaazi tangu" una tarehe ya miaka miwili au mitatu kabla ya barua yenu ya kumkataa.

Katika mwaka wa fedha wa 2023 na wa 2024, nchi iliyoleta wakimbizi wengi kuliko zote Marekani ilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hospitali zinazowafundisha wanafunzi wako zinalipia wakalimani wa Kiswahili kwa simu, kwa dakika. Tunalitaja tu, halafu tuendelee.

Kosa la pili ni ushauri unaotolewa na ofisi yenu kwa nia njema: "Basi omba kama mwanafunzi wa kimataifa, utuletee I-20." Tafadhali msiendelee kuutoa. I-20 ni fomu ya chuo ya kuombea visa ya mwanafunzi, F-1, na visa hiyo humtaka mtu athibitishe kwamba hana nia ya kuhamia Marekani. Aliyewasilisha I-485 ameshaiambia serikali, kwa sahihi yake, kwamba anataka kuishi hapa daima. Ukimwelekeza kwenye F-1 unamtuma aseme kitu kinachopingana na faili lake mwenyewe. Na akitoka nje ya nchi kutafuta visa hiyo bila kibali cha kusafiri kilichoombwa kwa fomu I-131, ombi lake la grinikadi kwa kawaida huhesabika kuwa limetelekezwa. Mtu anayesubiri I-485 haihitaji I-20 ili asome. Anaruhusiwa kukaa nchini ombi likiendelea, na anaweza kusoma.

Tunajua hofu iliyo nyuma ya sentensi yenu, na si ya bure. Ni pesa. Mwanafunzi anapewa nafasi, Agosti inafika, hana mkopo, kiti kinabaki kitupu na aliyekuwa kwenye orodha ya akiba ameshakwenda chuo kingine. Kwa mtu wa C09 ambaye si mkimbizi wala hakupewa hifadhi, hatari hiyo ni ya kweli: mkopo wa serikali hapati mpaka kadi itoke, na benki za binafsi kwa kawaida humtaka mdhamini ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu. Hali imekazwa zaidi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 wakopaji wapya hawapati tena Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanaosomea shahada za juu, na mkopo wa serikali kwa wanaosomea udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Hata mwenye kadi atatafuta mdhamini katika vyuo vya gharama kubwa, sembuse anayesubiri.

Lakini dawa ya hofu hiyo ni tarehe, si mlango uliofungwa. Mpe nafasi yenye sharti. Mwandikie kwamba ifikapo, tuseme, 15 Juni ya mwaka wa kuingia, alete moja kati ya haya: grinikadi, uthibitisho wa hadhi ya ukimbizi au hifadhi, au mkopo wa binafsi ulioidhinishwa pamoja na mdhamini wake. Asipoleta, msogeze mwaka mmoja badala ya kumfuta, kwa kuwa mnaahirisha nafasi kwa sababu nyingine nyepesi kuliko hii. Siku hiyo ya Juni bado inawaachia muda wa kumwita mtu wa akiba. Ile desturi ya kumtaka mtu aweke ada ya mwaka mmoja au ya miaka minne yote kwenye akaunti maalumu kabla hajaanza ilitungwa kwa wanafunzi wa ng'ambo. Kumpa sharti hilo mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama ni kumwambia hapana kwa lugha ya adabu.

Wapo pia wachache walioshinda bahati nasibu ya visa wakiwa tayari wako Marekani. Hao ni rahisi kuliko wote, maana kesi yao isipoamuliwa kufikia 30 Septemba ya mwaka wao wa fedha, inakufa. Msubiri hadi Oktoba, mtakuwa mmepata jibu kabla usaili haujaisha.

Kuhusu ada ya wakaazi wa jimbo, msituambie haiwezekani kumtambua anayesubiri. Texas, ambako vyuo vya tiba vya umma vinabanwa na sheria kutopokea zaidi ya asilimia 10 kutoka nje ya jimbo, kwa miaka mingi kanuni zake za makazi zimemruhusu mwenye I-485 iliyopokelewa na isiyokataliwa ajenge makazi kama mtu mwingine, kwa kukaa miezi 12 na kuonyesha ushahidi. Ushahidi wa I-485 hiyo ni ile ile I-797C ambayo karani wako huirudisha.

Yako mambo madogo yanayoharibu kazi nzima, na ofisi yako inaweza kuyazuia kwa simu moja. Namba ya A, yaani namba ya faili la mhamiaji, wakati mwingine ina tarakimu nane. FAFSA inataka tisa, hivyo huongezwa sifuri mbele, na asiyejua hupata majibu kwamba hatambuliki. Majina nayo: mtu ana majina matatu, I-94 imeyapanga hivi, kadi ya Social Security imeyapanga vile, na nakala ya matokeo ya chuo imeacha moja. Ulinganisho wa kompyuta unashindwa, ofisi ya mikopo inadhani ni udanganyifu. Aombwe karatasi zake, ofisi ya mikopo ipeleke uhakiki wa pili kupitia SAVE, mfumo wa serikali wa kuhakiki hadhi ya uhamiaji, ingoje majibu. Na mkiona tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, msishangae. Wengi waliandikiwa hivyo kambini.

Msiombe faili zima la madai ya hifadhi. Mna haja ya ukurasa wa uamuzi au kadi, basi. Yaliyomo ndani ya madai hayo ni habari za vifo vya watu, hazina kazi kwenye kabati la udahili.

Mwisho ni hofu ya wodini. Tangu Desemba 2025 kadi mpya za kazi za kundi la C09, na za wakimbizi na waliopewa hifadhi, hutolewa kwa muda usiozidi miezi 18, na anayeomba upya sasa, kwa kawaida, hapati tena nyongeza ya moja kwa moja ya muda. Kwa hiyo kadi inaweza kuisha mwanafunzi akiwa mwaka wa pili. Hilo lisiwatishe. Mafunzo ya wodini yasiyolipwa, ambayo ni sehemu ya shahada, si ajira. Hospitali ikitaka namba ya Social Security kwa uchunguzi wa rekodi, namba hiyo haifi kadi inapoisha. Mkumbusheni tu aombe kadi mpya siku 180 kabla, asingoje mwezi wa mwisho. Kibali cha kazi kitakuwa cha lazima atakapoanza kulipwa kama daktari mwanafunzi, na hiyo ni miaka mitano tangu siku alipotuma maombi kwenu.

Tunachoomba ni ukurasa uandikwe upya kabla ya Mei. Uwe na maneno haya, au yanayofanana nayo: "Hadhi ya uhamiaji itahakikiwa kabla ya kujiandikisha, si wakati wa kuomba. Wakimbizi, waliopewa hifadhi, na wenye I-485 iliyopokelewa wanakaribishwa kuomba." Chini yake iwekwe barua pepe ya mtu mmoja anayejua kutofautisha C08 na C09. Chuo chako tayari kina watu hao katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, ila hakuna anayewauliza.

Na kama jibu lenu litabaki hapana, basi lisemwe kabla ya ada ya fomu ya pili, ile ya chuo chenyewe, kupokelewa. AMCAS peke yake ni zaidi ya dola 170 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila kinachofuata, bila kuhesabu MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya tiba. Kuchukua na ya kwenu juu yake, kisha kumjulisha mtu baada ya wiki mbili kwamba faili lake halikusomwa kwa sababu ya kisanduku mlichokiona tangu siku ya kwanza, hakuna jina zuri la kukiita kitendo hicho.

Tunasubiri majibu yako kwa maandishi. Tutayaweka hapa hapa, kwa Kiswahili.

Wako katika kazi hii,
Washauri wa waombaji wa vyuo vya tiba kutoka familia zinazozungumza Kiswahili