Salamu za sikukuu, na habari ya cherehani ya mama

Habari za sikukuu jamani, nyie mnaochangia kila siku na nyie mnaopita kimya kimya mnasoma bila kusema neno. Krismasi njema kwa wanaosherehekea, mapumziko mema kwa wasiosherehekea, na heri ya mwaka mpya kwa wote maana huo hauchagui dini. Najua salamu za namna hii huwa fupi, upendo amani furaha halafu picha ya mshumaa basi, ila mimi mwaka huu kuna jambo limenikaa kichwani kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Ni hii habari ya msamaha. Sio ule wa ibadani, nasema ule unaosomwa kwenye taarifa ya habari kipindi kama hiki, kwamba kwa kuadhimisha sikukuu mkuu wa nchi ametoa msamaha kwa wafungwa elfu kadhaa, wengine wanatoka leo leo na wengine wamepunguziwa muda.

Miaka mingi nyuma kuna kijana alituibia cherehani ya mama. Mama alikuwa anashonea watu, ndo ilikuwa inatulisha. Kijana akakamatwa, akakiri, akapigwa miaka mitatu, cherehani yenyewe haikuonekana tena. Hajafika hata nusu ya kifungo akatoka na msamaha wa sikukuu. Hakuna aliyetuambia, mama alikutana naye tu njiani, na kijana akamwamkia kwa heshima zote. Mama alivyorudi nyumbani akakaa kimya muda mrefu halafu akasema, "Kumbe serikali imemsamehe. Kwani yenyewe ndo ilikuwa inashona?"

Tulicheka siku ile, lakini lile swali ukiliangalia vizuri sio la kuchekesha, maana ni kweli, aliyeibiwa ni mmoja na aliyesamehe ni mwingine. Nimekuwa nikilichimba taratibu na nikagundua watu wanasumbuana nalo tangu zamani sana.

Tuanzie mbali. Wafalme wa Babeli, karne ya 17 kabla ya Kristo huko, mmoja anaitwa Ammi-saduqa, akikalia kiti tu anatoa tangazo la kufuta madeni ya watu. Madeni, sio makosa. Na hapa Kiswahili chetu kinajua kitu, maana sisi kusamehe deni na kusamehe mkosaji tunatumia neno moja. Misri nao, lile jiwe la Rosetta ambalo wataalamu walilitumia kusoma maandishi ya kale, limechongwa mwaka 196 kabla ya Kristo na kati ya sifa wanazomsifia mfalme Ptolemaio wa Tano ni kwamba alisamehe kodi na akafungulia waliokuwa gerezani na waliokuwa na kesi za muda mrefu. Yaani sifa ile ile tunayoisikia redioni leo, tofauti wao walichonga kwenye jiwe.

Ila stori inayonipendeza kuliko zote ni ya Athens mwaka 403 kabla ya Kristo. Walikuwa wametoka kwenye utawala wa watu thelathini ambao waliua raia na kunyang'anya mali, vita ikapiganwa, wale thelathini wakaangushwa. Sasa mji mdogo, kila mtu anamjua aliyemchongea kaka yake, ukisema kila mtu alipwe kisasi hakuna atakayebaki. Wakala kiapo kwamba hatutakumbuka mabaya. Ni kiapo cha kutokukumbuka, wala hakisemi kupendana, na hata lile neno la Wazungu la msamaha wa jumla, amnesty, limetoka kwenye Kigiriki cha kusahau. Waliotolewa nje ya kiapo ni wachache, wale thelathini wenyewe na wenzao wachache wakiwemo wale kumi na mmoja waliokuwa wanasimamia jela, na hata hao waliruhusiwa kama wakikubali kukaguliwa matendo yao. Basi akatokea jamaa mmoja akaanza kukumbushia mambo ya zamani, mwanasiasa Archinus akamburuta mpaka baraza, akawashawishi wamuue bila kesi, wakamuua. Aristotle anasimulia kwamba baada ya hapo hakuna tena aliyethubutu kukumbushia. Msamaha wenye panga nyuma yake! Nikisoma hiyo namfikiria mama na cherehani yake, angekuwa Athens angekuwa hana hata ruhusa ya kuuliza.

Suala la sikukuu nalo lina historia yake. Injili inasema ilikuwa desturi kwenye Pasaka kumfungulia mfungwa mmoja ambaye watu wanamtaka, na mnajua wenyewe watu walimtaka Baraba. Ufalme wa Roma ulipoingia Ukristo wafalme wakaanza kufungulia jela kwa Pasaka, na Valentinian wa Kwanza mwaka 367 akaandika amri ambayo ukiisoma utadhani imetoka kwa msemaji wa magereza juzi: kwa heshima ya siku ya Pasaka tunawafungulia wote, ISIPOKUWA aliyekufuru vitu vitakatifu, mhaini, mnyang'anyi wa makaburi, mwenye kuua kwa sumu au uchawi, mzinzi, mbakaji na muuaji. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka 630, na ilikuwa Ramadhani, watu waliompiga vita miaka yote wakaachwa huru, nao pia walikuwepo wachache waliotajwa kwa majina kuwa hawamo.

Mimi sasa hivi tangazo lolote la msamaha nikisikia naruka moja kwa moja kwenye "isipokuwa". Pale ndo utajua nchi inaogopa nini. Mwizi wa kuku anatoka mapema kila mahali. Nani anabaki ndani, ndo swali. Mwangalie Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, amekufa tarehe 5 Machi 1953, tarehe 27 mwezi ule ule unatoka msamaha wa Beria, waziri wa mambo ya ndani, watu kama milioni 1.2 wanatoka makambini na magerezani, wajawazito, wenye watoto wadogo, wazee, wagonjwa, na yeyote mwenye kifungo cha miaka mitano kushuka chini. Unasikia vizuri eh? Ila wafungwa wa kisiasa wengi walikuwa na miaka kumi, ishirini na tano, kwa hiyo vibaka wakatoka na mwalimu aliyesema neno baya juu ya chama akabaki. Halafu kiangazi kile miji ikajaa ujambazi na raia wakalaani msamaha mzima kana kwamba huruma ndo ina kosa.

Kuna wanaosema bora isiwepo kabisa na nao sio wa leo. China wafalme wa enzi ya Han walikuwa wanatoa msamaha kila baada ya miaka michache, mfalme mpya, mrithi amezaliwa, ukame, jua limepatwa, twende tu. Jenerali Wu Han akiwa mahututi mwaka 44 baada ya Kristo mfalme Guangwu alikwenda kumuona akamuuliza una wosia gani, mtu aliyepigana maisha yake yote, na akajibu neno moja tu, jihadhari usitoe misamaha. Hawakumsikiliza, karne nyingi baadaye enzi ya Tang walikuwa wanasimamisha jogoo wa dhahabu juu ya mlingoti mrefu na ngoma inapigwa wafungwa wakiwa wamekusanywa, sherehe kamili. Hoja ya jenerali naielewa, mtu akijua kila sikukuu mlango unafunguliwa anapiga hesabu kabla ya kuiba.

Lakini nilikuta kitu cha Italia kikanipunguza ukali. Mwaka 2006 magereza yalikuwa yamefurika bunge likapitisha sheria ya kufuta hadi miaka mitatu ya kifungo kwa makosa ya kabla ya Mei mwaka ule, maelfu kwa maelfu wakatoka ndani ya wiki chache. Sharti likawa, ukirudia kosa kubwa ndani ya miaka mitano ule muda uliosamehewa unaongezwa juu ya kifungo kipya. Watafiti wa uchumi wakafuatilia wakakuta wale waliobakiza miezi mingi walirudia makosa kidogo kuliko waliobakiza michache. Kwa hiyo msamaha ule ulikuwa kama deni lililosimamishwa, halijafutwa, mwenye deni kubwa anatembea kwa adabu. Naona umerudi kule kule Babeli.

Turudi kwenye msimu wetu maana Desemba hii ina mambo yake. Marekani, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Lincoln alianza mwaka 1863 na msamaha wa masharti, ule kiapo uwe mtiifu na wakubwa wa waasi hawamo. Andrew Johnson, rais aliyemfuata, akamalizia siku ya Krismasi 1868, wote, bila masharti, hata Jefferson Davis aliyekuwa rais wa waasi kesi yake ya uhaini ikafa hapo. Waliokuwa watumwa hakuna aliyewauliza kitu. Krismasi ya 1921 rais Harding akamtoa Eugene Debs, mjamaa aliyefungwa miaka kumi kwa hotuba ya kupinga vita, ambaye mwaka 1920 aligombea urais akiwa jela na bado akapata kura zaidi ya laki tisa. Hakusamehewa, alipunguziwa kifungo kiishie siku ile, na akapitia kwanza ikulu kusalimiana na rais ndo akaenda kwake. Hiyo kwangu ni safi, pale serikali ilikuwa inafuta aibu yake yenyewe. Halafu mkesha wa Krismasi 1992 Bush mkubwa akawasamehe watu sita wa kashfa ya Iran na Contra, ile ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na pesa kupewa waasi wa Nikaragua, mmoja wao Caspar Weinberger aliyekuwa waziri wa ulinzi wa rais Reagan enzi Bush akiwa makamu wa rais, kesi ilikuwa ianze Januari. Sikukuu hiyo hiyo, kalamu ya aina hiyo hiyo, ila hiyo ya mwisho mimi naiita kuzima taa watu wasione.

Mwaka mpya nao upo. Rais Havel alitoa msamaha wake Januari 1990 mara tu ukomunisti ulipoanguka Chekoslovakia, zaidi ya watu 20,000 wakatoka. Mrithi wake Klaus naye akajaribu tarehe 1 Januari 2013 kule Cheki, zaidi ya wafungwa 6,000, lakini ndani yake kulikuwa na kifungu cha kufuta kesi zilizodumu zaidi ya miaka minane, na kesi zinazochukua miaka minane mara nyingi ni za wenye pesa na mawakili. Watu walichukia hadi mashule na ofisi wakashusha picha yake ukutani, Seneti ikamshtaki kwa uhaini ingawa mahakama ya katiba iliitupa maana alikuwa ameshamaliza muda wake.

Nije kwenye swali la mama sasa. Kwenye misamaha ya kawaida, sheria za nchi nyingi kwa kweli zinamuunga mkono mama! Serikali inafuta kile inachodai yenyewe, yaani muda wako jela. Fidia ya mwenye mali haiguswi, ungeweza kumdai hata ametoka. Afrika Kusini wakafanya tofauti, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikuwa na nguvu ya kukupa msamaha ukieleza ukweli wote na kosa liwe la kisiasa, na ukiupata hata fidia mahakamani hudaiwi tena. Familia ya Steve Biko, mpinga ubaguzi aliyefia mikononi mwa polisi, na wenzao wakaenda mahakama ya katiba mwaka 1996 kupinga hicho, ule ni uchungu wetu mnaugawaje nyie, wakashindwa. Zaidi ya watu 7,000 waliomba, waliopewa ni 849. Polisi waliohusika na kifo cha Biko waliomba, wakanyimwa mwaka 1999, walikuwa wanasema alijigonga.

Na Sierra Leone, mkataba wa Lomé Julai 1999, Foday Sankoh, kiongozi wa waasi, akasamehewa kila kitu, watu waliokatwa mikono wakasikia redioni. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa akaandika kwa mkono pembeni ya saini yake kwamba msamaha huo hauhusu makosa dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Maneno machache ya kalamu, lakini vita iliporudi na mahakama maalum ikaundwa, majaji wakasema mwaka 2004 msamaha ule hauwafungi. Nampenda sana huyo mjumbe na ile kalamu yake.

Sina ugomvi na misamaha jamani, nisieleweke vibaya. Kuna watu wako ndani kwa kosa ambalo hata kuwa kosa ilikuwa shida, kuna wazee, kuna mama amejifungua huko huko. Ukiwa una mtu wako anatoka wiki hii nakupongeza kwa moyo wote, mpokeeni vizuri, siku za kwanza atakuwa anaamka usiku kusubiri kuhesabiwa. Ukiwa ulitegemea jina lake liwemo halimo, pole sana. Na ukiwa wewe ndo uliyeibiwa au uliyeumizwa na leo umekutana naye njiani bila mtu kukuambia kitu, pole, hasira yako sio dhambi ya sikukuu.

Mama yuko salama anawasalimu, alishanunua cherehani nyingine zamani. Yule kijana sasa mtu mzima ana watoto, huwa wanapita nyumbani. Juzi nilimuuliza mama kama alishamsamehe akasema nusu, ile nusu nyingine aje kuizungumza mwenyewe, isipitie redioni. Basi kaka, kama unasoma hapa, mama yupo nyumbani sikukuu yote, karibu.