Kiinua mgongo si mshahara wa mwezi mmoja

Mhariri,

Nimekaa miaka 14 kwenye meza ya mishahara, na kosa ninalolilalamikia hapa, la kukitoza kodi kiinua mgongo kana kwamba ni mshahara wa mwezi mmoja, nimelifanya mwenyewe zaidi ya mara moja. Juzi mpwa wangu, aliyepunguzwa kazini pamoja na wenzake katika kiwanda kimoja hapa Mombasa, alinijia na karatasi yake ya mwisho ya mshahara. Ameikunja mara nne, na mstari wa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ameuzungushia kalamu nyekundu: Sh109,383.

"Mjomba, hawa si wameniibia?"

Hawakumwibia. Walimhesabia kivivu.

Alikuwa akilipwa Sh60,000 kwa mwezi na ametimiza miaka 9. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka, yaani Sh270,000. Weka mshahara wa mwezi wa mwisho na mwezi mmoja wa notisi, jumla Sh390,000. Karani akazimimina zote kwenye mwezi mmoja. Kompyuta haina habari kwamba hilo ni jasho la miaka tisa. Inamwona bwana mkubwa wa karibu laki nne kwa mwezi, na kila shilingi inayopita 32,333 inaikata asilimia 30.

Vijiweni wapo wanaoapa kwamba pesa za kupunguzwa kazi hazitozwi kodi. Zinatozwa. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato haisemi zitozwe kwa mkupuo. Fidia hiyo, pamoja na ya notisi, husambazwa kwenye kipindi kinachofuata baada ya mtu kuondoka, na mkataba wake ndio unaoamua isambazwe vipi. Nikiisambaza ya mpwa wangu kwa kiwango cha mshahara wake wa zamani, Sh60,000 kila mwezi hadi iishe (makato ya NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu na ushuru wa nyumba nimeyaweka kando), kodi yote inashuka hadi kama Sh63,800. Hizo Sh45,000 na ushei zilizozidi zingemlipia kodi nyingine, ile ya chumba.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina lawama. Sheria inataka vipewe taarifa mwezi mzima kabla ya watu kupunguzwa. Vikifika mezani vinagombania idadi ya siku, jambo jema, kisha vinatia saini bila kuuliza hesabu ya kodi itafanywaje.

Kwa kuwa mpwa wangu hajapata kazi nyingine, anaweza kudai kilichozidi akijaza ritani yake ya kodi kabla ya Juni 30 mwakani. Mwenye chumba hangoji Juni, lakini tuliache hilo. Ritani inataka fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima, kutoka kwa mwajiri. Amepiga simu kiwandani kuiulizia, akaambiwa aliyekuwa akizitoa naye alipunguzwa.

Karani mstaafu wa mishahara,
Changamwe, Mombasa