Wanachuo wa Kiingereza wanaweza kuliko wanavyojiona

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiingereza sekondari ya kata huku Chamwino, na kila mwaka kwenye mwezi wa saba hivi tunapokea wanachuo wa ualimu wanaokuja fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, wengi wanatoka vyuo vya Dodoma mjini. Huwa nawauliza, we unajionaje, utaweza? Wengi jibu lao ni moja, madam grama niko vizuri ila kuongea ndo shida. Na kweli, kuna kijana alijaza ubao mzima tensi, zimenyooka kabisa na mifano yake, mtoto wa fomu wani akanyoosha kidole akauliza swali moja tu, basi jamaa akahamia Kiswahili mpaka kengele inagongwa.

Watu wanawacheka eti digrii gani hiyo, mi inaniuma sana. Hawa wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili miaka 7, fomu wani wakabadilishiwa lugha ghafla wakaishi kwa kukariri notsi, wamefika chuo lekcha moja imejaa watu kibao, huyo mtu ataongea saa ngapi?

Halafu uwezo wanao. Dada mmoja alikuja na mfuko wa paketi tupu ya unga, chupa za maji, boksi la sabuni, akapanga duka juu ya dawati watoto wakaanza kuuziana kwa Kiingereza, na binti mmoja ambaye tangu Januari hajafungua mdomo kwenye kipindi changu akawa anamdai mwenzie chenji. Huyo dada ndo aliyekuwa ananiambia ualimu hauwezi, anatafuta kazi benki!

Kutaja benki au NGO siwalaumu, ajira zimebana, siku hizi mpaka usaili, na wenzao waliomaliza zamani wako mtaani na boda. Ila mtu asiuache ualimu kwa sababu tu hakuna aliyemwambia anaweza.

Vyuo viwape nafasi ya kusimama na kuongea tangu mwaka wa kwanza, wasisubiri fildi. Na sisi walimu wenyeji jamani, mwanachuo akifika tusimtupie vipindi vyote siku hiyohiyo tukaenda kwenye mambo yetu, maana msimamizi wa chuo anakuja mara chache tu, anajaza fomu, anaondoka. Kaa dawati la nyuma umsikilize, kipindi kikiisha mwambie wapi amepatia na wapi arekebishe, tena mwambie kwa Kiingereza na yeye ajibu kwa Kiingereza.

Mwalimu, Chamwino