Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi)

YAH: BESENI LA PETROLI GEREJI

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Mimi ni fundi magari hapa Dar es Salaam. Nilianza kama saidia fundi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa beseni la petroli, brashi na gia boksi iliyofunguliwa, nikaambiwa nikaoshee ndani ya kontena ili petroli isikaushwe na jua. Kufika adhuhuri kichwa kinazunguka, nikatapika. Fundi mkuu, mtu mwema aliyenilea kikazi, aliagiza pakiti ya maziwa akaniambia, "Utazoea."

Nikazoea kweli. Pua ikishazoea harufu haishtuki tena, ila mvuke unaendelea kuingia mapafuni na kupita kwenye damu. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali iliyothibitika kusababisha saratani ya damu. Maziwa yanakwenda tumboni. Sumu ya mvuke haipiti huko. Imani hii ya maziwa ndiyo inayoniuma zaidi, maana tajiri akishanunua pakiti huona amemlinda kijana.

Siku hizi kuna na dawa za kopo za kupulizia breki. Baadhi zina heksani, ambayo huharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya mafundi magari wa California, Marekani, waliopata ganzi mikononi na miguuni kwa kuzitumia kazini. Nyingine zina klorini: ukichomelea chuma ambacho hakijakauka dawa hiyo, joto linaweza kuigeuza kuwa fosijeni, gesi inayoua. Saidia fundi atajuaje, na maandishi ya kopo si ya Kiswahili?

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la kukagulia magari, unafika hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe. Ukishika moto kule, moto unaufuata mpaka kwenye beseni.

Ninachoomba ni kwamba mkaguzi wako akiingia gereji yoyote, hata hizi zetu za chini ya mti, aulize kwanza: beseni liko wapi, na lina nini? Likiwa na petroli, imwagwe kwenye dumu lenye mfuniko, kamwe si mtaroni. Spea nyingi zinatakata kwa maji ya moto na sabuni ya kuondolea grisi, kisha zinafutwa na kupakwa oili zisishike kutu. Penye ulazima, dizeli ina mvuke mchache zaidi. Kazi ifanyike nje, kijana akae upande upepo unakotokea, avae glovu zisizopitisha mafuta. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa, navyo hubadilishwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Saidia fundi hana mkataba wala mshahara, anapewa hela ya kula tu. Naomba naye ahesabiwe kuwa mfanyakazi.

Kwetu tumeshalitoa beseni kontenani, liko chini ya mwembe. Anayeosha spea sasa ana miaka 18. Juzi aliniuliza kama anunue maziwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi magari, Ilala