Umeniuliza ushahidi

Kampala, Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo wote hapo Bukoba. Baba na Mama wape shikamoo zangu. Mimi mzima, kazi zinaendelea.

Swali lako limenikaa moyoni. Unashangaa mtu anayeshinda maabara, asiyetoa jibu la mgonjwa mpaka aone kwa macho yake, anawezaje kuyakubali Maandiko ambayo hakuna awezaye kuyapima. Nakujibu waziwazi: ushahidi wa kukupa sina.

Nikueleze kwanza tunavyofanya hapa. Tone la damu tunalipaka kwenye kioo, likikauka tunalitia rangi ya Giemsa, kisha tunalipitia kwa hadubini sehemu 100 kabla ya kusema hatukukuta kitu. Na hata hapo hatuandiki kwamba mgonjwa hana malaria. Tunaandika kwamba vimelea havikuonekana. Usidhani nataka kumpitisha Mungu kwa mlango huo. Kitu kutoonekana hakumaanishi kipo. Ila kazi hii imenizoeza kutodai zaidi ya nilichokiona, kwa hiyo sitakwambia kwamba ufufuo nimeuthibitisha.

Tarehe 3 nilikuwa Namugongo, kwenye Siku ya Mashahidi wa Uganda. Umati ule, mdogo wangu! Wapo waliotembea kwa miguu kutoka Kenya na kwetu Tanzania. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kukataa kuikana imani yao ya Kikristo. Wengi walikuwa vijana wa rika lako, watumishi wa ikulu. Hebu fikiria walikuwa na nini mkononi. Wamisionari wa kwanza walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877 tu, na Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896, wao wakiwa wameshakufa miaka 10. Walikuwa wamesikia kidogo, wakaona hicho kidogo kinatosha kukishikilia.

Najua utasema mtu kufia jambo hakulifanyi liwe la kweli. Umesema kweli, tena nikuongezee: takriban miaka 10 kabla yao, enzi za Kabaka Muteesa, vijana Waislamu waliuawa kwa kuishikilia dini yao, wengi wao papo hapo Namugongo. Nawaheshimu wote, na damu yao siichukui kuwa hoja ya upande wangu.

Basi kwa nini naamini? Nimeamua, nikijua kwamba naamua. Usiku mmoja kioo cha mtoto mdogo kilijaa vimelea kila nilipotazama. Nilikimbiza jibu wodini, dawa ikaanza, lakini hakufika asubuhi. Hadubini ilinionyesha kilichomwua. Kama uhai wake ulikuwa na thamani kwa yeyote zaidi ya mama yake, hilo halikuwamo kwenye kioo, wala halitakuwamo hata nikitazama mpaka nistaafu. Maandiko yanasema ulikuwa na thamani, na kwamba anajulikana kwa jina. Sikusubiri kuthibitishiwa. Nimelishika neno hilo, na kesho yake nilikaa kwenye kiti kilekile nikasoma kioo cha mtoto mwingine kwa uangalifu uleule.

Unaweza kuniambia najifariji. Huenda. Lakini faraja tupu haimdai mtu kitu, na hii inanidai kila siku: nisameheane na watu ambao ningependa kuwakwepa, nisikubali bahasha ya mtu anayetaka kuwekwa mbele ya foleni.

Soma Marko 9, habari za yule baba mwenye mtoto mgonjwa. Alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia akamalize mashaka yake kwanza ndipo arudi. Mtoto aliponywa siku ileile. Mimi nasali sala hiyo ya huyo baba, na sioni haya.

Usiache kwenda kanisani kwa sababu una maswali, wala usiende kwa kumwogopa Baba. Mwulize hayahaya uliyoniuliza mimi, mkiwa wawili tu, shambani au njiani. Kisha uniandikie alivyokujibu.

Dada yako